Rangi ya Pikapu ya Kazi: Anzia Hapa, Kabla ya Fundi wa Bodi

Wateja wetu wengi wanaolipwa kupitia till hawana duka la mawe na mabati. Duka lao lina magurudumu manne. Kuna wanaoshusha kabeji kutoka Kinangop kila alfajiri, wanaobeba mawe ya Ndarugo, wanaosambaza mitungi ya gesi mitaani, na wale wa mchanga wa Machakos. Hawa ni watu wa hesabu. Oili inabadilishwa kwa wakati, tairi zinakaguliwa, bima hailali. Lakini ukiuliza rangi ya gari inatunzwa vipi, unaambiwa, "Hii ni ya kazi, si ya harusi."

Tunaelewa. Shida ni kwamba siku ya kuuza, mnunuzi haanzi na injini. Anaanza kwa kuzunguka gari. Anapitisha kidole chini ya mlango, anainua mpira wa sehemu ya mizigo, anaangalia ukingo wa madigadi, na kila doa la kutu analoliona analitoa kwenye bei kichwani kabla hajasema neno. Ukienda kukopa ukitumia logbook kama dhamana, yule anayekuja kukadiria thamani ya gari anafanya vilevile. Na hata kama huna mpango wa kuuza wala kukopa, bodi ikitoboka sakafu ya mizigo, hiyo ni kazi ya kuchomelea, na gari likiwa kwa fundi wiki nzima hakuna senti inaingia.

Kwa hivyo leo tunaacha mambo ya menyu na PIN kidogo, tuongee rangi. Ni mwongozo wa mtu anayeanza kabisa, mwenye ndoo, maji ya mgao na Jumapili moja.

Rangi ni koti la mvua

Gari la kisasa linapotoka kiwandani, chuma chake kina tabaka kadhaa juu yake. Chini kuna praima inayoshika chuma na kuzuia kutu. Juu yake kuna rangi yenyewe. Mwisho kuna tabaka lisilo na rangi, lile mafundi huita klia, ambalo ndilo linalong'aa na ndilo linalokula jua, vumbi na vitambaa vichafu kwa niaba ya zingine. Klia haifiki hata unene wa karatasi moja ya daftari. Ukishaielewa hiyo, utaelewa kwa nini tunapiga kelele sana kuhusu kusugua.

Malori mengi ya zamani, na magari mengi yaliyopigwa rangi upya mtaani, hayana klia. Kujua lako ni rahisi. Chukua kitambaa cheupe, weka polishi kidogo, sugua polepole mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, huna klia. Unasugua rangi yenyewe. Si mwisho wa dunia, lakini ujue kwamba nta kwako si anasa.

Adui wa kwanza ni jua. Sisi tuko kwenye ikweta, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hivyo miale inatupiga mwaka mzima bila kupumzika. Ndiyo maana boneti na paa ndizo hupauka na kuanza kubanduka kwanza huku milango ikiwa bado sawa. Kivuli ni bure. Kama kuna mti na ukuta, chagua ukuta. Chini ya mti utalipa kwa mavi ya ndege na utomvu. Wakazi wa Nairobi wanajua maua ya mjakaranda yanavyoganda kwenye gari ukiyaacha siku mbili tatu, na yakiloa yanakuwa kama gundi.

Unabeba nini?

Hapa ndipo gari la kazi linapoachana na gari la familia. Ushauri mwingi unaoupata umeandikwa kwa mtu anayeendesha kwenda ofisini. Wewe mzigo wako ndio unaoamua.

Ukibeba simiti, kama wengi wa Athi River na Mlolongo, usikubali vumbi lake liloe likiwa juu ya rangi. Simiti ikipata maji inaganda, na juu ya hayo ni kali kwa rangi. Ipulize au ipanguse kwa brashi laini ikiwa kavu, kisha suuza kwa maji mengi kwa mara moja, si kidogo kidogo. Ikishaganda vipande vidogo, siki ya jikoni iliyochanganywa na maji huilegeza ukiipa dakika chache; usiikwangue kwa kisu. Suuza vizuri baadaye.

Mbolea ya chumvichumvi ni mbaya kuliko wengi wanavyodhani. Chembe zinazomwagika kwenye pembe za sakafu zinavuta unyevu wa hewa, zinayeyuka, na maji hayo yanakula chuma pole pole mahali ambapo huoni. Ukishusha magunia, fagia pembeni na umwage maji siku hiyo hiyo. Ni hivyo pia kwa wanaobeba magadi, na kwa chumvi kutoka upande wa Gongoni na Marereni. Mombasa na Kilifi hata ukiwa umebeba magodoro, hewa yenyewe ina chumvi. Ukiwa Pwani, suuza chini ya gari kila wiki hata kama juu panaonekana safi.

Maziwa yaliyomwagika huchacha na kuwa asidi, na maji ya barafu ya samaki hujificha chini ya mpira. Yote mawili yanahitaji maji mengi mara tu baada ya kushusha, si kesho.

Wenye mawe na kokoto tunawapa pole tu, kwa sababu hakuna nta duniani itakayozuia jiwe. Kwao kazi kubwa ni kuziba majeraha mapema. Tutafika hapo.

Kuosha

Mikwaruzo mingi unayoiona jua likipiga boneti, ile inayozunguka kama utando wa buibui, haikuletwa na barabara. Ililetwa na kitambaa. Mchanga ukiwa umeshikwa kati ya kitambaa na rangi, unafanya kazi ya msasa. Kwa hivyo siri yote ya kuosha gari ni kuondoa mchanga kabla ya kugusa.

Anza gari likiwa limepoa, kivulini, asubuhi au jioni. Kwenye boneti ya moto sabuni hukauka kabla hujaisuuza na kuacha madoa. Mwagia maji kwanza gari zima, kuanzia paa kushuka, bila kusugua popote. Kama ni udongo mwekundu wa barabara ya maramu ulioganda, loanisha, subiri dakika tano, loanisha tena. Uache ujishukie wenyewe. Mtu akianza kusugua tope kavu kwa sababu ana haraka, mwondoe hapo kwa upole.

Kisha magurudumu na ndani ya madigadi. Yana vumbi la breki na grisi, kwa hivyo yana kitambaa chao, na kitambaa hicho kisikanyage bodi kamwe. Tukiwa wakweli, hili ndilo tatizo kubwa la mahali pengi pa kuoshea magari: kitambaa kimoja kimeosha rimu za matatu tatu kabla ya kufika kwenye boneti yako.

Sasa ndoo mbili. Moja ina maji ya sabuni, ya pili ina maji matupu. Unachovya kitambaa kwenye sabuni, unaosha sehemu moja, unakisuuza kwenye maji matupu, ndipo unarudi kwenye sabuni. Angalia chini ya ile ndoo ya maji matupu ukimaliza. Mchanga wote unaouona ungekuwa umesuguliwa kwenye rangi. Osha kutoka juu kwenda chini, kwa mistari iliyonyooka, si kwa kuzungusha. Sehemu za chini za milango na mlango wa nyuma ziwe za mwisho kwa sababu ndizo chafu zaidi. Suuza kila upande kabla sabuni haijakauka.

Sabuni gani? Ya magari, ile shampuu inayouzwa kwa maduka ya vipuri na supamaketi. Kofia moja au mbili kwa ndoo inatosha, kwa hivyo chupa moja inakaa. Sabuni ya unga na ya vyombo ni kali kwa rangi. Zimetengenezwa kuondoa mafuta, na nta ni aina ya mafuta. Ukiosha kwa sabuni ya vyombo kila wiki, nta uliyolipia inaenda na maji.

Maji si lazima yawe mengi. Pikapu isiyo na tope zito inaoshwa vizuri kwa mitungi mitatu au minne ya lita 20, ukitumia kopo na mpangilio. Mashine ya presha ni nzuri kwa chini ya gari na ndani ya madigadi, lakini ukiisogeza karibu sana na mahali rangi imeshaanza kubanduka, itaimalizia mbele ya macho yako. Kaa mbali kidogo, na usielekeze kwenye nyaya na viunganishi vya umeme vya injini. Na mtoni usiende. Maji ya mto yana mchanga, na mafuta ya gari lako yanateremka kwa mtu anayechota ya kunywa.

Kausha kwa kitambaa cha maikrofaiba au taulo laini la pamba. Kuachia jua likaushe kunaacha madoa meupe, hasa mahali ambapo maji ya kisima yana chumvi.

Jambo moja linalosahaulika kila mara: chini ya milango, na chini ya bodi pembeni, kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikiziba kwa tope, maji yanakaa ndani ya mlango na kutu inaanza kutoka ndani ikija nje. Ukiona malengelenge kwenye rangi ya mlango, umechelewa. Kijiti cha kiberiti kinatosha kuvizibua. Fanya hivyo kila unapoosha, hasa mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba.

Ukipendelea kuoshewa, sawa kabisa, vijana wale wanahitaji kazi. Nenda na kitambaa chako na shampuu yako, mwambie mapema, "Boneti tumia hiki, magurudumu tumia chako." Wengi hawana shida. Ukilipa kwa till, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Mahali pengine kuna namba mbili tatu zimebandikwa ukutani na moja ni ya mwenye kibanda cha zamani aliyehama.

Kile kinachobaki baada ya maji

Ukimaliza kukausha, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, upitishe vidole polepole kwenye boneti. Utahisi punje ambazo macho hayaoni. Matone ya lami hutoka kwa mafuta taa kidogo kwenye kitambaa, mbali na moto. Yashike hapo mpaka yalainike, pangusa, kisha osha mahali hapo kwa sabuni mara moja. Mavi ya ndege usiyakwangue hata kidogo. Weka kitambaa chenye maji juu yake dakika chache, kisha inua. Yana asidi, na siku moja ya jua inatosha kuacha alama isiyotoka, kwa hivyo chupa ndogo ya maji na kitambaa vikae ndani ya gari.

Halafu kuna kampaundi. Fundi akipitisha kampaundi kwa mashine, gari linang'aa kama jipya, na wewe unafurahi. Lakini linang'aa kwa sababu amekata sehemu ya ile klia nyembamba. Mara moja kwa miaka kadhaa, kwa mkono anayejua kazi, hakuna neno. Kila Desemba kabla ya kwenda ushago, utafika kwenye praima. Anayeanza atumie polishi laini kwa mkono, akae mbali na mashine. Na uepuke maandishi ya mlangoni, jina la mmiliki na ile T.W. ya uzito, yakifutika utatafutwa barabarani kwa jambo dogo.

Nta

Hii ndiyo sehemu rahisi na ndiyo watu huiruka. Nta ya gari, waksi kwa wengine, haikwarui wala haikati. Inakaa juu ya rangi, inafanya maji yateleze, na jua linaila hiyo kwanza badala ya klia.

Gari liwe safi, kavu na limepoa. Chukua kidogo kwa sponji, kiasi cha nusu kijiko kwa boneti nzima, ukipake kwa tabaka jembamba. Subiri kiwe na ukungu mweupe, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Fanya sehemu moja moja, usipake gari zima halafu urudi. Itakuwa imeganda na utatoka jasho. Epuka plastiki nyeusi za bampa, zinabaki na madoa meupe yasiyopendeza, na kioo cha mbele pia.

Gari linalolala nje na kufanya kazi kila siku lirudishiwe nta kila baada ya miezi miwili au mitatu. Huhitaji kalenda. Mvua ikinyesha, angalia maji kwenye boneti: yakijikusanya kama shanga, nta ipo. Yakitandaa kama karatasi iliyoloa, imeisha.

Koti ya seramiki nayo? Inadumu kuliko nta, na ni ghali. Kwa mwenye gari la kupeleka wageni Maasai Mara, labda. Kwa pikapu inayopigwa na kokoto kila siku, sisi tungeona heri pesa hizo ziende kwenye kupaka kinga ya kutu chini ya gari na kununua madigadi ya mpira ya nyuma ya tairi.

Jeraha dogo, kutu kubwa

Jiwe limetoboa rangi, unaona nukta ya chuma. Leo ni nukta. Ukiiacha mvua mbili, kutu inatambaa chini ya rangi nzuri kama mchwa, na utakapoiona juu, chini imeshaenea mara kadhaa ya hapo. Hii ndiyo kazi ambayo Jumapili moja inaokoa pesa nyingi zaidi kuliko zote tulizotaja.

Tafuta namba ya rangi ya gari lako. Huwa kwenye kibao cha chuma au stika, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kwa Toyota angalia baada ya herufi C/TR. Peleka namba hiyo kwa duka linalochanganya rangi za magari, wakuchanganyie kiasi kidogo. Usinunue "nyeupe" tu. Nyeupe ziko nyingi.

Siku kavu, sugua kutu yote kwa msasa mpaka uone chuma king'aacho. Yote. Rangi juu ya kutu ni blanketi juu ya ugonjwa. Pangusa kwa spiriti, acha ikauke, paka praima nyembamba, ngoja, kisha rangi tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, na klia mwisho kama gari lako linayo. Haitaonekana kama ya kiwandani. Haijalishi, maji hayapiti.

Sehemu ya mizigo inataka jicho la pekee. Mpira wa sakafu unazuia mikwaruzo, lakini unashika maji chini yake, kwa hivyo uinue mara moja kwa wiki upate hewa. Mahali kamba na minyororo inapopita kwenye ukingo wa bodi, funga kipande cha tyubu kuukuu ya tairi. Kwa fundi wa pancha unapewa karibu bure.

Pesa yake inatoka wapi

Shilingi 50 kwa siku, siku 26 za kazi, ni 1,300 kwa mwezi na 15,600 kwa mwaka. Iweke kwenye akiba iliyojitenga na pesa ya mafuta, ikatwe asubuhi kabla ya biashara kuanza, kwa sababu jioni hakuna kinachobaki. Shampuu, nta, vitambaa na kopo dogo la rangi vitatoka humo, na kitakachosalia kinangoja ile siku lazima uende kwa fundi wa bodi.

Siku hiyo ikifika, tenganisha malipo. Rangi na vifaa nunua mwenyewe, ulipe kwa till ya duka, uondoke na risiti. Kazi ya mikono mlipe fundi kwa hatua: kidogo akianza, kidogo praima ikishakauka, iliyobaki mwisho. Kutuma pesa yote kwa namba ya mtu binafsi kabla gari halijaguswa ndiyo malalamiko tunayoyasikia tena na tena, na ukishatuma na kuthibitisha, kuirudisha si rahisi. Usifute ile meseji ya malipo, ina tarehe, jina na kiasi. Na mtu akikupigia simu akisema ni wa ofisini kwetu, anataka PIN yako ili "aachilie" malipo ya fundi, kata simu.

Ukiamua kubadilisha rangi kabisa, kumbuka rangi imeandikwa kwenye logbook, kwa hivyo kuna makaratasi ya NTSA ya kushughulikia pia. Kabla ya kuacha gari, lipige picha pande zote nne, sakafu ya mizigo na kilomita kwenye dashibodi. Unapolichukua, lipa sehemu ya mwisho baada ya kulizunguka mchana, jua likiwaka, si saa moja jioni chini ya taa ya kibanda, ambako kila rangi hufanana.